Marisaa ya Nyoka: Swali la Mume na Swali la Mke

Barua za jamaa zetu walioko Marekani kwa kawaida hutuuliza habari za mirathi, nyama ya halali na malezi ya vijana. Hii iliyotufikia safari hii ni ya namna nyingine. Familia moja imehamia kwenye shamba dogo huko Texas, mahali penye majani marefu, mawe na nyoka wa njuga. Baba wa nyumba anamiliki bastola kihalali, na dukani ameoneshwa visanduku vya risasi za kuulia nyoka na panya, kimoja kimeandikwa 12, kingine 9, kingine 4. Yeye anauliza achukue kipi. Mama, ambaye ndiye aliyeishika kalamu, anauliza kama kitu hicho kiingie nyumbani kabisa. Barua ni moja, maswali ni mawili.

Tuanze na la mume, kwa kuwa ndilo jepesi. Ndani ya ganda la risasi ya nyoka hakuna kipande kimoja cha madini, bali mna marisaa, chembe nyingi ndogo zilizofungwa katika kikopo chembamba cha plastiki. Nambari ya kisanduku huenda kinyume na vile mtu anavyotarajia: ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Wamarekani wana hesabu yao nyepesi. Chukua 17, utoe nambari iliyoandikwa, na kinachobaki ni upana wa chembe kwa sehemu za mia za inchi. Kwa hiyo nambari 12 ni milimita 1.27, nambari 9 ni milimita 2, na nambari 4 ni milimita 3.3.

Ukiyatazama marisaa ya 12 na ya 9 kiganjani utadhani tofauti yao ni ndogo, na hapo ndipo wengi hughurika. Upana ukizidi kidogo, uzito huzidi sana. Chembe moja ya nambari 9 ina uzito wa chembe nne za nambari 12. Wakia moja, yaani gramu 28, hutoa chembe zipatazo 585 za nambari 9, lakini hutoa karibu 2,400 za nambari 12. Mnunuzi basi anachagua baina ya wingi na nguvu. Chembe nyingi hazimwachi nyoka mwembamba apenye katikati yake, ilhali chembe nzito huingia ndani zaidi ya magamba na fuvu.

Bastola haina nafasi ya kumpa mtu vyote viwili. Kiwanda cha CCI cha Lewiston, Idaho, ambacho visanduku vyake ndivyo vinavyoonekana zaidi madukani huko, hutia katika risasi ndogo ya .22 takriban gramu 2 za marisaa ya nambari 12. Hizo ni chembe kama 170. Lau uzito huohuo ungekuwa wa nambari 9, zingepatikana chembe 40 hivi tu, na kichwa cha nyoka kingeweza kusalimika kati yake. Katika .38 huingia gramu 6 na nusu za nambari 9, chembe zipatazo 130, na huo kwa rai yetu ndio uwiano bora. Nambari 4 hutoboa zaidi, lakini gramu 6 na nusu zake ni chembe 30 tu. Ni za mlengaji hodari, tena zinadai uangalifu zaidi juu ya kilichoko nyuma ya shabaha. Kwa panya wa ghalani nambari 12 inatosha, kwa nyoka mnene yafaa 9. Mume amepata jibu lake.

Ila kuna jambo ambalo kisanduku hakilisemi kwa herufi kubwa. Mtutu wa bastola umechongwa mifuo ya mzunguko ndani yake ili risasi ya kawaida itoke ikizunguka na kwenda sawa. Marisaa nayo huzungushwa vivyo hivyo, na yakishatoka hurushwa pembeni kama matone yanavyoruka kutoka kwenye nguo iliyolowa ikizungushwa hewani. Mara nyingi hutokea duara lenye uwazi katikati, pale hasa alipolenga mtu. Kwa sababu hiyo risasi hizi hazina kazi ya kutumainiwa kupita mita 3 hivi. Anayetaka kujua bastola yake inafanyaje na asimjaribie mnyama. Atandike karatasi pana mbele ya tuta la udongo, achore nyoka aliyejikunja, apige, kisha ahesabu ni chembe ngapi zimeangukia kichwani. Chembe za kiwiliwilini hazihesabiwi. Hizo humjeruhi tu nyoka, akaenda kufia shimoni baada ya siku, na sisi tumeamrishwa kwamba hata tunapoua tuue kwa wema.

Sasa umbali huo wa mita 3 ndio unaotupeleka kwenye swali la mama. Nyoka wa njuga anapojirusha kuuma, kwa kawaida hufika kiasi cha nusu ya urefu wake. Aliyesimama mita 3 kutoka kwake hafikiwi. Anaweza kurudi nyuma, akawaita watoto ndani na kufunga mlango. (Swila wetu wa kutema ni habari nyingine, kwani sumu yake huruka mita 2 na zaidi kuelekea machoni, lakini kwa huyo pia dawa ya kwanza ni kurudi nyuma.) Marisaa basi yanafaa pale ambapo mtu tayari yuko salama. Anayesogea ili yafae zaidi ameuacha usalama wake mwenyewe.

Ndani ya nyumba jibu letu ni hapana, bila ya kutafuta maneno. Chembe zikigonga saruji au jiwe hurudi, na jicho la mtoto halihitaji chembe kubwa ili lipofuke. Marisaa mengi ni madini ya risasi, na vumbi lake likibaki sakafuni hukutana na vidole vinavyokwenda kinywani. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Huko California risasi za madini hayo zimepigwa marufuku kwa kuulia wanyama wa porini tangu Julai 2019. Wala asidanganyike mtu na jina la marisaa madogo akaiacha bastola mezani. Hatua moja kutoka mtutuni chembe hizo bado hazijatawanyika, nazo huua. Silaha na ikae katika kabati la chuma lenye kufuli, ufunguo wake usijulikane na watoto.

Tungependa mama afahamu pia ukubwa halisi wa hatari anayoiogopa. Marekani watu kati ya 7,000 na 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama watano. Hospitali zina dawa, na namba ya bure ya msaada wa sumu, 1-800-222-1222, inafaa kubandikwa kwenye jokofu. Majani yakatwe, kuni ziondolewe ukutani, nyufa za chini ya mlango zibwe, chakula cha kuku kisilale nje, maana panya ndiye anayemwita nyoka. Wala si kila anayetikisa mkia ni wa njuga. Yuko nyoka mla panya asiye na sumu anayetikisa mkia wake kwenye majani makavu hadi ukasikia kama njuga. Kumuua huyo ni kuwafurahisha panya. Katika baadhi ya majimbo, Massachusetts ikiwemo, hata nyoka wa njuga wapo wanaolindwa kisheria, kwa hiyo sheria ya mahali na iulizwe kabla ya kununua chochote.

Na ikitokea nyoka ameuawa, kwa marisaa au kwa jembe, kichwa kisiguswe kwa mkono. Mwaka 2018 huko huko Texas mtu mmoja alimkata kichwa nyoka wa njuga, akainama kukiokota, kikamuuma. Alipona baada ya kupewa dozi 26 za dawa ya sumu. Kichotwe kwa sepetu yenye mpini mrefu na kufukiwa mbali na mahali mbwa na watoto wanapochimba.