Urahisi si Sifa

Ziko sifa ambazo zikipimwa kwa mizani ya haki huonekana kuwa ni matusi yaliyovikwa nguo za heshima. Moja katika hizo ni ile aitoayo msafiri atokapo katika mkahawa mdogo wa mji wa watalii, akasema kuwa chakula kilikuwa kitamu, tena rahisi. Neno la kwanza ni haki ya mpishi. Neno la pili ni deni ambalo msafiri hakulilipa, kisha akalitangaza kuwa ni fadhila ya mwenyeji. Neno la kwanza halina mpinzani. La pili lastahili kupingwa.

Mfano wa jambo hili ni Oaxaca, mji uliokaa katika bonde kati ya milima ya kusini mwa Meksiko. Kiini chake cha kale, pamoja na magofu ya Monte Albán, kiliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Mwaka 2010 mapishi ya jadi ya Meksiko yalipewa na UNESCO heshima ya kuwa urithi wa binadamu wote. Watalii humiminika huko mwezi wa Julai kwa sherehe za Guelaguetza, na mwanzo wa Novemba kwa siku za kuwakumbuka wafu. Na kila ajaye huja na njaa.

Katika mitaa ya mji huo imo mikahawa ya familia ambayo wenyeji huiita fonda. Meza zake ni chache na vitambaa vyake ni vya plastiki. Mpishi ni mama na mhudumu ni binti yake. Adhuhuri huuzwa mlo wa bei moja uitwao comida corrida: supu, wali, kitoweo, tortila, yaani chapati nyembamba za mahindi, na maji ya matunda. Hicho ni chakula cha fundi, karani na mwanafunzi. Mgeni aghalabu hutaka zaidi. Hutaka mole, mchuzi mzito ambao umelipatia jimbo hilo jina duniani. Hula akashiba, akamsifu mama, kisha akaitazama hati ya hesabu, akazigeuza peso kuwa dola kichwani mwake, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lenye kesi.

Tortila ni nyepesi mkononi, lakini safari yake ni ndefu. Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, yakaachwa kulala usiku kucha. Asubuhi huoshwa mpaka maganda yaachane na punje, yakasagwa yangali na unyevu, yakakandwa, yakatandazwa, yakachomwa juu ya comal, kikaango bapa kinachowekwa motoni bila mafuta. Mole nyeusi ina kazi kubwa kuliko hiyo. Pilipili kavu za namna mbalimbali hukaangwa mpaka ukingoni mwa kuungua; mbegu, njugu, viungo na matunda huandaliwa kila kimoja kwa wakati wake; vyote husagwa, vikatiwa chokoleti, vikapikwa kwa saa nyingi huku mwiko haupumziki. Sahani iliyowekwa mbele ya mgeni kwa dakika tano imechukua siku nzima, pengine mbili, ya maisha ya mtu. Aiitaye rahisi ameihesabu peso, hakuihesabu siku.

Wala si kazi ya mikono peke yake iliyo katika sahani hiyo. Mna elimu ndani yake. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa hata mwili hauwezi kuipata vema. Chokaa huifungua. Wapishi wa Meksiko na Amerika ya Kati waliijua kazi ya chokaa karne nyingi kabla ya Columbus kuvuka bahari. Mahindi yalipochukuliwa kwenda Ulaya, mbegu ilipakiwa na ujuzi ukaachwa ufukweni. Matokeo yake yalikuwa pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili, uliowatesa maskini wa Hispania na wa kaskazini mwa Italia waliokula mahindi kwa wingi na kingine kwa uchache. Baadaye ulienea kusini mwa Marekani. Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger aliuchunguza huko, akaonyesha kuwa chanzo chake ni upungufu katika chakula. Na mwaka 1937 ndipo wataalamu walipotambua kuwa niasini ndiyo dawa. Maabara ilifika kwa jasho mahali ambapo jiko la Meksiko lilikuwa limekwisha kukaa zamani.

Msomaji wa Kiswahili hana ruhusa ya kulitazama jambo hili kama habari ya mbali. Ugali wa mahindi ni mtoto wa shamba hilo hilo. Katika pango la Guilá Naquitz, lililo katika bonde la Oaxaca karibu na Mitla, yalifukuliwa magunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Afrika Mashariki iliipokea mbegu bila chokaa kama ilivyopokea Ulaya. Na hata jina tulilolipa zao hili huelekeza macho ya msemaji Bara Hindi, likamnyima Mmeksiko shukrani yake. Mlaji wa ugali, basi, ni mdaiwa kabla hajapanda ndege.

Watetezi wa tabasamu la mgeni wana hoja mbili. Husema kwanza kuwa bei huwekwa na soko, na mpishi aliyeridhika hana haki ya kuonewa huruma. Hoja hii ingesimama kama soko lingekuwa moja. Lakini katika mji wa watalii masoko ni mawili chini ya paa moja. Nyumba hugeuzwa kuwa vyumba vya kupangisha wageni kwa usiku, na kodi hupanda kwa kipimo cha mfuko wa mgeni. Chakula cha fonda hutakiwa kibaki katika kipimo cha mfuko wa jirani. Mama mpishi amesimama katikati: hulipa kama mtu wa soko la kwanza na huuza kama mtu wa soko la pili. Mwaka 2025 mshahara wa chini kabisa katika sehemu kubwa ya Meksiko ulikuwa peso 278.80 kwa siku, fedha ambayo mtalii aweza kuimaliza kwa mlo mmoja wa jioni bila kuikumbuka kesho yake. Na katika jiko la familia kazi ya binti, ya shangazi na ya bibi mara nyingi haiandikwi katika hesabu yoyote. Anayenyamaza kwa kuhofia kumpoteza mteja hawezi kuitwa aliyeridhika.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo yafaa kujibiwa kwa adabu. Husemwa kuwa bei ikipanda, jirani ndiye atakayefungiwa mlango, na fonda itakuwa duka la wageni kama maduka mengine. Ni kweli kuwa hatari hiyo ipo. Lakini dawa yake imekwisha kuandikwa katika desturi ya mkahawa wenyewe. Mlo wa adhuhuri ni wa jirani, na ubaki kwa bei ya jirani. Mole ya jioni, anayoifuata mgeni kutoka bara jingine, na ibebe thamani ya siku iliyotumika. Bakshishi, ambayo kwa desturi ya nchi hiyo ni asilimia 10 hadi 15, itolewe kama haki ya mhudumu, isitolewe kama sadaka. Zaidi ya hayo, aliyemfungia jirani mlango si tortila. Ni kodi ya nyumba. Kuitumia njaa ya jirani kuwa ngao ya ubahili wa mgeni ni hila isiyopendeza.

Ubahili huo wajulikana pia kwa upendeleo wake. Mtu yule yule aonaye fahari kulipa fedha nyingi kwa tambi za Kiitaliano au mchuzi wa Kifaransa huona ajabu akitakiwa kulipa nusu yake kwa mole. Hapo kazi haikupimwa. Aliyepimwa ni mfanya kazi. Mwaka 2024 kitabu cha Michelin kilipotoa toleo lake la kwanza la Meksiko, kibanda kimoja kidogo cha taco katika mji mkuu kilipewa nyota. Wengi walistaajabu. Mshangao wao ulikuwa ungamo: ulionyesha walivyokuwa wamekiweka chakula hicho chini, hata kilipotajwa kwa jina lake wakadhani ni kosa la uchapaji.

Mwaka 2002 kampuni ya McDonald's ilitaka kufungua duka katika uwanja mkuu wa Oaxaca. Mchoraji Francisco Toledo, aliyefariki mwaka 2019, aliwaongoza wenyeji kupinga, tamale zikagawiwa kwa watu uwanjani, na mwisho wake serikali ya mji ikakataa. Ulikuwa ushindi mzuri dhidi ya adui mwenye bango kubwa. Adui wa leo hana bango. Huja mmoja mmoja, ana adabu, hupiga picha ya comal na kulipenda jiko kwa moyo wake wote, isipokuwa kwa mfuko wake. Mwezi wa Januari 2024 wenyeji waliandamana katika mitaa ya Oaxaca wakilalamikia kusukumwa nje ya mji wao. Kuwafukuza wageni si jibu, kwa maana mji ulioishi kwa wageni hauwezi kushiba kwa kuwachukia. Lakini mapenzi yasiyolipa nayo si jibu.

Waswahili husema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii huondoka kabla jembe halijaletwa, wala hakuna amtakaye kulima. Basi na alipe ujira wa aliyelima, wa aliyechemsha, wa aliyesaga na wa aliyesimama motoni. Akisha kulipa kwa ukamilifu, aseme kuwa chakula kilikuwa kitamu, anyamaze hapo.