Mlango Wazi Hautoshi

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba katika tamasha la muziki msanii hutenda na hadhira hupokea tu. Muziki wa kiklasiki wa India huibatilisha dhana hiyo. Katika kumbi za Chennai, msimu wa muziki wa Desemba na Januari, wasikilizaji huhesabu mapigo kwa mikono: kofi moja pajani, vidole vitatu, kisha kofi na kugeuza kiganja, mara mbili. Mapigo manane ya tala iitwayo Adi yametimia. Mwimbaji anapobuni papo hapo, akaenda mbali na kurejea penye pigo lake, wajuzi ukumbini hutambua mara moja kama amefika ama amepotea. Hadhira hiyo ni mshiriki, tena ni hakimu.

Linganisha na New York, tarehe 1 Agosti 1971, katika tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Ravi Shankar na Ali Akbar Khan walikuwa wakikaza na kulegeza nyuzi ili ala zao zilingane sauti. Walipomaliza, umati ulishangilia. Ravi Shankar aliwashukuru, akatumaini kwa utani kwamba muziki wenyewe ungewapendeza zaidi. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekwa. Watu wale walikuja kwa heshima na kwa fedha zao. Hawakuwa wamefundishwa kusikiliza, basi.

Hapo ndipo swali la kisiasa linapozaliwa: nani hufundishwa? Katika Chennai yenyewe, jukwaa na viti vya muziki huu vimetawaliwa kwa miongo mingi na Wabrahmani, ingawa wasanii wa jamii nyingine, wakiwamo wanawake wa devadasi, walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Mwimbaji T. M. Krishna, Mbrahmani mwenyewe, alitangaza mwaka 2015 kwamba hataimba tena katika msimu huo, na pia alishiriki kuanzisha tamasha katika kijiji cha wavuvi cha Urur-Olcott Kuppam, ndani ya jiji hilohilo. Mwaka 2024 chuo mashuhuri cha muziki cha Madras kilipomtunuku heshima yake ya juu, baadhi ya wasanii wenzake walijitoa katika mkutano wake kwa kupinga.

Watetezi wa kumbi husema milango iko wazi, na matamasha mengi ya mchana hayana kiingilio. Ni kweli, lakini hoja hiyo haitoshelezi. Ujuzi wa kuhesabu tala hupatikana utotoni, nyumbani na kwa mwalimu. Asiyekulia humo huingia ukumbini akiwa mgeni, na macho ya wenyeji humkumbusha ugeni wake.

Naliandika hili nikiwafikiria pia wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma. Huwaita wananchi kwenye mikutano ya kutoa maoni, huwasomea bajeti kwa lugha ya wataalamu, kisha huwalaumu kwa kupiga makofi pasipostahili. Anayetaka hadhira yenye ujuzi hana budi kuugawa ujuzi huo kwanza.