Msimu wa ufuta si wakati wa kubadili fomu za kompyuta

Mnunuzi anayetaja bei ya ufuta wa Ngarambe katika mnada wa kompyuta haoni gunia wala hashiki punje. Anachokiona ni orodha: ghala, uzito, daraja, unyevu na chama kilichokusanya mzigo. Bei yake yote imesimama juu ya maandishi hayo. Ni ajabu basi kwamba wafanyabiashara hujadili bei ya dunia na ushuru hadi usiku wa manane, lakini ni nadra kumsikia anayeuliza orodha hiyo imeandikwa kwa toleo namba ngapi la fomu.

Swali hilo lina fedha ndani yake. Mkulima wa Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji, hupimia mzigo kwenye chama chake cha msingi. Mzigo huingia ghala lenye leseni, kwa utaratibu wa sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005. Chama kikuu hutangaza mnada. Kompyuta za Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambazo korosho ziliuzwa kupitia kwake msimu ulioanza Oktoba 2024, hupokea bei za wanunuzi. Benki hulipa. Kila mkono una programu yake, na kinachoziunganisha ni skima, yaani mapatano ya nafasi zipi zijazwe, kwa herufi au kwa tarakimu, na ipi isiachwe wazi. Skima hiyo hufungwa kama kifurushi na kupachikwa ndani ya kila programu. Mmoja akipachika kifurushi kipya na jirani yake akabaki na cha zamani, wote wawili wanafanya kazi vizuri, ila hawaelewani.

Mfano upo hapo hapo wilayani. Sensa ya 2012 iliihesabu Kibiti ndani ya Wilaya ya Rufiji. Sensa ya 2022 ikaihesabu kama wilaya kamili. Ngarambe ilibaki Rufiji, lakini majirani wa kaskazini ya mto na wa delta walihama kwenye makaratasi bila kuhamisha hata jembe. Programu iliyofungwa na orodha ya zamani ya wilaya haiijui Kibiti. Ikiletewa mzigo wa huko ina njia mbili. Inaweza kuukataa, na hapo kelele zitasikika siku hiyo hiyo. Au inaweza kuuandika Rufiji kimya kimya, na hapo ushuru wa mazao utakwenda halmashauri isiyo yake mpaka mkaguzi aje kugundua mwaka unaofuata. Njia ya pili ndiyo ya hasara kubwa, kwa kuwa hakuna anayelalamika.

Mafundi wa programu duniani wana dawa ya siku nyingi, nayo ni rahisi kuliko vitabu vya hesabu vya duka. Kila toleo hupewa tarakimu tatu, mfano 2.4.1. Tarakimu ya mwisho ikipanda, kasoro imerekebishwa. Ya kati ikipanda, kitu kimeongezwa lakini fomu za zamani bado zinapokelewa. Ya kwanza ikipanda, fomu ya zamani haifai tena. Udanganyifu, mara nyingi usiokusudiwa, hutokea pale ofisi inapoongeza nafasi moja ya lazima, tuseme kipimo cha unyevu, ikaliita badiliko dogo. Si dogo. Karani asiye na nafasi hiyo kwenye simu yake hawezi kuijaza, na mzigo wake hautapokelewa.

Wanaodhani nafasi moja haina uzito na wakumbuke Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili jipya kwa wateja wake. Ripoti ya kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba programu ilitarajia nafasi 20, faili likaja na 21. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilizimika, ndege hazikuruka na benki zilisimama. Faili liliondolewa baada ya dakika 78 tu, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea zilihitaji, nyingi kati yao, fundi wa kuzigusa moja moja. Kampuni hiyo ina wataalamu na fedha ambazo vyama vyote vya ushirika vya mkoa wa Pwani vikichangishana havifikii.

Pana pia hatari ya kuchelewa, na haki itendeke kwa wanaoihofia. Desemba 2021 kasoro iliyogunduliwa ndani ya Log4j, kifurushi kidogo ambacho programu nyingi zilikitegemea bila wenye nazo kujua, ililazimu marekebisho ya haraka kabla wezi hawajaingia. Marekebisho ya aina hiyo hayasubiri msimu uishe. Lakini hayo si ya tarakimu ya kwanza, na aliyeweka daftari la vifurushi vyote anavyovitegemea, pamoja na namba kamili ya toleo la kila kimoja, huyamaliza kwa siku chache. Asiye na daftari huanza kwa kutafuta.

Kinachopaswa kuzuiwa ni kupandisha tarakimu ya kwanza wakati magunia yako njiani. Ufuta huuzwa kuanzia Mei na kuendelea katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Nafasi ya badiliko kubwa ni Februari hadi Aprili, na kidogo Septemba. Hata hapo toleo la zamani liendelee kupokelewa msimu mmoja mzima. Ofisi ya Dar es Salaam hubadilisha programu asubuhi moja. Karani wa Ngarambe hana mtandao wala barabara ya kutegemea kiasi hicho. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yalionyesha vijiji vinaweza kukatika kwa muda gani.

Kutunza matoleo mawili kwa pamoja kuna gharama, na mafundi watasema kweli wakidai walipwe. Gharama hiyo iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kwani siku moja ya mzigo uliokwisha lipiwa kukwama ghalani kwa sababu hati ya kuutoa haisomeki huweza kumkosesha mnunuzi meli. Mwenye hisa katika benki inayokopesha vyama, naye ana sababu ya kuuliza kwenye mkutano mkuu kama daftari la vifurushi lipo na nani hulitunza. Mnunuzi wa jumla ana njia fupi zaidi: kudai namba ya toleo ichapwe juu ya kila orodha ya mauzo, karibu na tarehe ya mnada.