Si Kila Maumivu ya Chembe Ni Vidonda

Mtu akishikwa na maumivu chini ya chembe cha moyo, majirani humwambia mara moja: "Hivyo ni vidonda vya tumbo, kunywa maziwa." Kuhusu vidonda, mara nyingine hawakosei. Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomgundua kijidudu Helikobakta pailori mwaka 1982, imefahamika kuwa ndiye chanzo cha vidonda vingi, na dawa za kumwua zipo. Lakini yuko mgonjwa ambaye humaliza dozi, akairudia, na bado hutapika, hushiba kwa matonge mawili na kuzidi kukonda.

Huenda huyo ana ugonjwa wa Crohn, ulioitwa hivyo kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932. Wao waliuona mwishoni mwa utumbo mwembamba. Baadaye ikadhihirika kuwa waweza kushika popote, tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Si mara nyingi hushika tumbo na mwanzo wa utumbo, lakini ukishika hapo hufanana na vidonda hasa. Kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wake huvimba, hufanya makovu, na njia ya chakula ikawa nyembamba. Aghalabu huanza ujanani. Si uchawi, wala hauambukizi. Mleni sahani moja bila wasiwasi.

Hapa kwetu pana hatari ya pekee. Kifua kikuu, licha ya jina lake, hushambulia pia utumbo, nacho hufanana mno na Crohn. Crohn hutulizwa kwa dawa zinazopunguza nguvu za kinga ya mwili; akipewa mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, ugonjwa huweza kutapakaa mwilini. Ndiyo maana daktari huagiza mgonjwa apitishwe kooni mpira mwembamba wenye kamera, vikachukuliwa vipande vidogo vya nyama vya kupimwa maabara. Wengi hukikimbia kipimo hiki. Kweli hukera koo, lakini ni kwa dakika chache tu.

Mweleze daktari dawa zote ulizokwisha meza, hasa aspirini na diklofenaki, ambazo huchubua tumbo, na kama nyumbani yumo anayekohoa kwa muda mrefu. Na sigara, ambayo huuchochea ugonjwa wa Crohn, mtajie idadi ya kweli, si ile unayowaambia nyumbani.