Swichi za Ofisi na Majirani Zao

Katika ofisi nyingi ramani ya mtandao wa kompyuta huchorwa mara moja tu, siku mkandarasi anapokabidhi kazi. Baada ya hapo vyumba hubadilishwa, kebo huhamishwa, swichi mpya huongezwa, na ile ramani hubaki kabatini ikieleza mtandao ambao haupo tena. Siku mawasiliano yanapokatika, fundi hulazimika kupanda darini na kufuata kebo moja baada ya nyingine kwa mkono, huku wananchi waliofuata huduma wakisubiri dirishani. Hasara hiyo haina sababu ya kuvumiliwa, kwani dawa yake aghalabu imo ndani ya vyombo vilivyokwisha kununuliwa.

Dawa hiyo ni itifaki za kutambua majirani. Swichi ya mtandao, yaani chombo kinachounganisha kompyuta, simu na vifaa vinginevyo vya ofisi, ikiwashiwa itifaki ya namna hiyo hutoa tangazo fupi katika kila tundu lake kwa vipindi maalumu. Tangazo hutaja chombo kilicholitoa, tundu lilikotokea, na muda ambao habari hizo zitahesabiwa kuwa sahihi. Laweza pia kutaja jina la chombo, kazi yake, na anwani ya kukisimamia. Jirani wa upande wa pili hulisikia na kuliweka katika orodha yake, wala halipitishi mbele. Kwa hiyo kila swichi huwajua wale tu iliyounganishwa nao moja kwa moja. Na msimamizi akizikusanya orodha za swichi zote, hupata ramani ya kweli ya siku hiyo.

Itifaki mbili ndizo zinazojulikana zaidi. CDP ilibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Cisco ya Marekani kwa ajili ya vyombo vyake. LLDP ni kanuni huru, iliyochapishwa mwaka 2005 na taasisi ya wahandisi ya IEEE kwa namba 802.1AB, na mtengenezaji yeyote aweza kuifuata. Kwa kawaida LLDP hutangaza kila sekunde 30, na jirani akinyamaza kwa takriban sekunde 120 hufutwa orodhani. Ofisi inayonunua vyombo kwa zabuni, mwaka huu vya kampuni hii na mwaka ujao vya kampuni ile, yafaa ichague kanuni ya wote.

Wapo wataalamu wanaoshauri itifaki hizi zizimwe kabisa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Tangazo la LLDP halina uthibitisho wa nani amelitoa. Mgeni akichomeka kompyuta yake katika tundu la ukumbini, aweza kusikia jina la swichi, toleo la programu yake na anwani yake. Aweza pia kujitangaza kwa uongo. Mwezi Februari 2020 kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza kasoro tano katika namna vyombo vya Cisco vilivyoshughulikia matangazo ya CDP. Nne kati ya hizo zingeweza kumpa mshambuliaji, aliyekwisha kuingia katika mtandao wa ndani, uwezo wa kuendesha amri zake chomboni. Marekebisho ya programu yalitolewa, lakini humfaa yule tu anayeyaweka.

Hata hivyo, mficha uchi hazai. Kuzima kila tundu ni kumpofusha fundi kwa hofu ya mwizi. Zaidi ya hayo, simu nyingi za mezani zinazopita katika mtandao hutegemea nyongeza ya LLDP iliyowekwa mwaka 2006, iitwayo LLDP-MED, ili zielekezwe kwenye njia ya sauti na zieleze mahitaji yao ya umeme. Ofisi ikizima itifaki bila kupima, simu huenda zikanyamaza, na kosa likatafutwa mahali pasipo lake.

Kwa kweli hakuna ulazima wa kuchagua baina ya kuwasha kote na kuzima kote. Kanuni ya LLDP huruhusu kila tundu liwekwe peke yake: litume na kupokea, litume tu, lipokee tu, au linyamaze. Matundu yanayounganisha swichi kwa swichi, na yale ya mitambo ya mtandao usiotumia waya, yatume na kupokea. Ya simu vivyo hivyo. Matundu ya kumbi, vyumba vya wageni na laini iendayo kwa kampuni ya intaneti yanyamaze, pande zote mbili.

Kinachokosekana basi si chombo wala fedha, bali uamuzi. Swichi nyingi hukaa miaka katika hali zilimotoka nazo kiwandani, CDP ikiwa wazi kila mahali au LLDP ikiwa imezimwa kila mahali, pasipo mtu wa ofisi kuulizwa. Mkataba wa kukabidhi mtandao hauna budi kudai orodha ya kila tundu na hali yake, kwa maandishi, na msimamizi ailinganishe orodha hiyo na habari za swichi zenyewe kwa vipindi vinavyojulikana. Ofisi isiyofanya hivyo itaendelea kumlipa fundi kutafuta kitu ambacho mashine zake zilikuwa tayari kumwambia.