Mgonjwa wa Kiharusi Arudishiwe Kazi Zake

Kiharusi, ugonjwa unaotokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka na sehemu ya ubongo ikakosa damu, hujulikana zaidi kwa mkono uliolegea na mdomo uliopinda, na ndiyo maana huduma za utengamao, yaani zile za kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kuendesha maisha yake, mara nyingi huanza na kuishia kwenye viungo. Madhara yanayogusa utambuzi, ambao ni uwezo wa kukumbuka, kuwa makini, kupanga hatua za kazi na kuamua, hayaonekani kwa macho, na aliyeyapata huishia kuitwa mzembe au mkaidi. Makala hii inatetea hoja kwamba kumjenga mgonjwa huyo ajiamini ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ubongo hujipanga upya kwa kutumiwa: sehemu zilizosalimika huweza kubeba baadhi ya kazi za sehemu iliyoumia, ila kwa zoezi linalorudiwa mara nyingi, na anayeamini kwamba hawezi hana sababu ya kulirudia. Aliyesahau majina ya wenzake barazani leo, kesho hukaa ndani, na kumbukumbu isiyopata kazi huzidi kufifia. Sonona, ambayo huwapata takriban theluthi moja ya walionusurika kiharusi, huzidisha hali hiyo.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeeleza mwaka 1977 jinsi imani ya mtu juu ya uwezo wake inavyoongoza matendo yake, aliweka mafanikio ya kutenda mbele ya vyanzo vingine vya imani hiyo, vikiwemo kuwaona wenzake wakifaulu na kutiwa moyo kwa maneno. Sifa tupu, basi, hazifiki mbali. Mgonjwa aliyepoteza mpangilio wa hatua za kupika chai aanze kwa kutia majani na sukari huku mwingine akishughulikia jiko, kisha aongezewe hatua moja moja, akiwa na karatasi ya maelekezo ukutani, hadi amimine chai aliyoipika mwenyewe tangu mwanzo.

Hapa ndipo upendo wa familia unapohitaji kuelekezwa, kwa kuwa mzee anayevalishwa, anayejibiwa maswali anayoulizwa na anayefanyiwa miamala ya pesa kwa simu na mwanawe hupokonywa mazoezi aliyoyahitaji mno. Ni kweli kwamba wapo ambao kiharusi huwaondolea hata uwezo wa kutambua upungufu wao, na hao, wakiachiwa jiko au barabara kwa kujiamini kusiko na msingi, huweza kudhurika. Kwao usalama hutangulia, na kazi huchaguliwa kwa uangalifu zaidi. Kwa kila mgonjwa, maelekezo ya kuruhusiwa kutoka hospitalini yanapaswa kutaja, sambamba na dawa za shinikizo la damu, kazi atakazozifanya mwenyewe nyumbani na mtu atakayekaa karibu bila kumpokonya.