Tufundisheni ritifaa

Sisi vijana wakimbizi tuliopo Gisenyi tumechoka kusikia eti "ongeeni tu, sarufi itakuja yenyewe." Haiji! Mtu anaongea Kiingereza mwaka wa pili, wa tatu, na ile alama ndogo ya juu, ritifaa (wengi wetu tunasema apostrofi), bado hakuna aliyemwonyesha inakaa wapi. Na maisha yetu yote yako kwenye makaratasi.

Angalieni. "My sister's documents" ni hati za dada yangu, mmoja. "My sisters' documents" ni hati za dada zangu, wawili au kumi. Sasa soma kwa sauti. Hakuna tofauti hata kidogo, si ndiyo? Sikio halisaidii hapa. Anayejifunza kwa kuongea tu hataipata kamwe.

Mwenzetu mmoja aliandikia ofisi fulani kuomba hati za dada zake wawili. Aliandika sawa, ritifaa baada ya s. Aliyepokea barua akasoma dada mmoja, akatayarisha za mmoja. Kijana aliporudi akaambiwa hakueleza vizuri. Alikuwa na haki, lakini hakuwa na maneno ya kuonyesha kwamba barua yake ilisema wazi. Kwa hiyo ninyi wa mashirika, somo hili ni lenu pia.

Wanasema inatushinda kwa sababu tumetoka kwenye Kifaransa. Kweli, kule Goma shuleni tulizoea "l'école", ritifaa inayomeza irabu, basi. Lakini tazameni vibao vya hapa: "Repubulika y'u Rwanda", "Intara y'Iburengerazuba". Katika Kinyarwanda nayo inameza irabu, ile a ya "ya", lakini imekaa palepale panapoonyesha kitu ni cha nani! Kila siku tunapita mbele yake, na hakuna mwalimu aliyetuambia anzeni hapo.

Au anzeni kwenye Kiswahili. Tunasema "haki ya mkimbizi", "haki za wakimbizi". Ile "ya" na "za" inafuata haki, siyo mkimbizi. Kiingereza kinageuza: mwenye kitu anatangulia, na ritifaa inamwangalia yeye tu, kitu chenyewe kiwe kimoja au mia. Andika kwanza mwenye kitu, kamili. Ni mmoja? Weka ritifaa halafu s: "the refugee's rights". Ni wengi na neno limeishia na s? Ritifaa peke yake, mwishoni: "the refugees' rights". Ni wengi lakini neno halina s mwishoni, kama "children", "women", "people"? Hao wanachukua ritifaa na s kama mmoja, ndiyo maana tarehe 8 Machi ni "International Women's Day". "Womens'" haipo. Na wingi mtupu hauna ritifaa: "refugees" wakiwa wanatembea tu barabarani hawaihitaji.

Tena tarehe 20 Juni ni "World Refugee Day", bila ritifaa. Sarufi yake ni safi, neno "refugee" hapo linataja tu aina ya siku. Sisi tunatania kwamba wanawake wana siku yao, sisi tuna siku inayotuhusu.

Mtatuambia kuna shida kubwa zaidi: chakula, nyumba, shule. Ndiyo, zipo, tunaziishi. Lakini zinaombwa kwa barua. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na mtihani hausahihishwi kwa kusikiliza. Anayetaka nafasi ya chuo anaandika. Mnatupa mafunzo ya kujiamini, ya uongozi, ya kujieleza mbele za watu, halafu kalamu mnaisahau.

Tunataka saa moja kwa wiki, ubao, chaki, na mtu wa kusahihisha daftari kwa wino. Na barua yetu ikiwafikia, kabla ya kusema hatukueleza vizuri, angalieni ritifaa iko upande gani wa s.